Mtoto akiuliza "kwa nini", usimpige konzi

Wiki hii nawaandikia nikiwa Lundo, mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoa wa Ruvuma, kwenye ile wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 lakini wengi bado mnaiita Mbinga kwa mazoea. Mwera unavuma, ziwa limechafuka, na wavuvi wamekaa barazani wanashona nyavu na kulaumu upepo. Karatasi zangu zimejaa mchanga, kwa hiyo mhariri akilalamika mwandiko, asinilaumu mimi.

Mada ya leo imetoka kwenye mfuko wa barua. Mama mmoja wa Songea anasema ana mtoto wa miaka minne anayeuliza maswali tangu anapofumbua macho hadi anaposinzia na kijiko mkononi. Kwa nini kuku hana meno? Kwa nini babu ana mvi? Kwa nini mvua hainyeshi ndani? "Nimpe nini anyamaze?" ndivyo anavyouliza yule mama, utadhani mimi ni duka la dawa.

Mwenzangu, usiombe anyamaze. Hapa kwa bibi ninaye mmoja aliyenyamaza, na nakwambia nyumba nzima tumekosa raha.

Ni mtoto wa dada yangu, ana miaka mitano na nusu, nitamwita Kadogo. Wanaishi Mbinga mjini. Krismasi iliyopita alikuja hapa Lundo akatuchosha wote. Huku kwetu jua linazama upande wa ziwa, kule Malawi, basi jioni moja kakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, kaniuliza: "Mama mdogo, jua likiingia ziwani mbona maji hayachemki?" Nilicheka mpaka nikashika mbavu, lakini jibu sikuwa nalo la haraka. Bibi ndiye aliyeniokoa: "Haliingii ziwani, mjukuu wangu. Linakwenda kwa ndugu zetu wa ng'ambo, nao wanalo jioni hii hii." Kadogo akafikiri, akauliza tena: "Na wao wanalipeleka wapi?" Hapo na bibi naye akakwama.

Likizo hii ya Juni ameletwa yuleyule, kumbe si yuleyule. Kimya. Ukimwita anakuja, ukimpa ugali anakula, ukimwambia kaa anakaa. Dada anajisifu kwenye simu: "Umeona alivyotulia? Shule ya vidudu imemnyoosha." Ni kweli, A mpaka Z anaipiga kama cherehani, na moja mpaka mia hapumui. Siku ya pili bibi akamtuma jikoni alete mihogo mitano. Akaleta aliyoweza kukumbatia, kama tisa hivi, akasimama anatutazama usoni kuona kama amekosea. Mia anaijua. Tano haijui.

Siku ya tatu nikapandisha mkono kujikuna kichwa, mtoto akainama. Mpenzi msomaji, wewe unajua mtoto anainama hivyo akiwa amezoea nini. Jioni bibi akampakata, akamchombeza taratibu, ndipo akasema kwamba shuleni kwao ukiuliza unaambiwa unajifanya mjuaji, unasimama ukutani kidole mdomoni, na ukirudia unapata konzi. Shule siitaji, wala nisiulizwe. Zipo nyingi za namna hiyo, na wazazi tunalipa ada tukifurahi kwamba watoto wametulia.

Sasa hebu niwakumbushe habari ya kijana mmoja wa Kitanzania, maana wengi wetu tumelisikia jina lake nje kuliko nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu shule ya Magamba, kule Lushoto mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji ya kugandisha. Siku moja nafasi ilikuwa inagombaniwa. Mpemba akaona akisubiri yapoe atakosa, akayaingiza ya moto hivyo hivyo. Baada ya kama saa moja na nusu akakuta yake yameganda, na ya mwenzake aliyeweka yasiyochemshwa bado.

Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akazidi kushikilia, ikawa ndiyo kichekesho cha darasa: kila akikosea hesabu, wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Konzi hilo, ingawa la maneno. Lakini yule kijana alikuwa king'ang'anizi. Akaja mgeni pale Mkwawa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akauliza swali lake lile lile. Wenzake wakamcheka, lakini mgeni hakucheka. Aliporudi Dar akalijaribu kwenye maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la fizikia. Mpaka leo dunia inaiita hali hiyo kwa jina la Mpemba, na wanasayansi bado wanabishana ni kwa nini inatokea na kama inatokea kila mara. Wabishane tu. Mimi ninachokitazama ni yule kijana kwenye friji, na watu wangapi walitaka anyamaze.

Na mjue kijana yule alikuwa kidato cha tatu, na ngozi yake ilishakomaa. Wa miaka mitano ukimcheka mara tatu, ya nne hakuulizi.

Mimi si mtaalamu wa saikolojia, elimu yangu iliishia kidato cha nne, lakini nina macho. Mtoto mdogo anafikiri kwa mikono. Akichimba kishimo mchangani maji yakajaa, akajenga ukuta wa tope maji yakaubomoa, akaujenga tena kwa kuweka majani katikati, huyo yuko darasani. Hata wakubwa wa nchi wamelikubali hilo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka kucheza na kupumzika kati ya haki ambazo mzazi anapaswa kumpa mtoto, pamoja na chakula na malazi. Desemba 2021 Serikali ikazindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa mpaka miaka minane. Na Umoja wa Mataifa nao umetenga Juni 11 kuwa siku ya kimataifa ya michezo ya watoto, ilianza kuadhimishwa 2024. Kwa hiyo usiseme "anacheza tu". Hilo "tu" liondoe.

Basi hapa Lundo tukaamua, mimi na bibi, kwamba Kadogo hafundishwi kitu. Anachezeshwa. Na kwa kuwa huku mwalimu ni msimu, tukaufuata msimu.

Tulianza na mwezi. Mtoto wa ziwani anajua kwamba kuna siku usipa wanajaa sahanini na kuna siku tunakula mboga za majani, lakini ni wachache wanaoambiwa kisa. Usipa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za sola. Samaki wanaifuata ile nuru, wanazungushiwa wavu. Ukiwaka mbalamwezi, ziwa lote lina nuru, taa ya mvuvi haina cha kujivunia, basi wengi wanalala nyumbani. Hatukumwambia Kadogo hayo. Bibi alimpa kipande cha mkaa, akamwonyesha ukuta wa jiko kwa nje, akasema: kila usiku toka, tazama mwezi, uchore ulivyo. Pembeni yake achore samaki kama asubuhi tumepata usipa, asichore kitu kama hatukupata.

Jamani, ukuta ule sasa ni gazeti. Usiku wa kwanza alichora duara lililobonyea kama chapati iliyoungua upande. Usiku wa nne mawingu yalifunika, akaja kuniuliza kwa sauti ndogo afanye nini. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza tangu afike, mpenzi msomaji, nikajikaza nisirukeruke. Nikamwambia achore alichokiona. Akachora wingu. Upepo ukikaza hakuna anayeingia ziwani hata kama ni giza, basi tukapata siku za giza zisizo na samaki, na mtoto akabaki amekunja uso mbele ya ukuta wake. Jibu aliloanza kulijenga limevunjika. Nikamwona anatazama ziwa, anatazama mti wa mwembe unavyoyumba, anatazama ukuta. Akaenda akachora mistari mitatu mirefu. Bibi akauliza, hiyo nini? "Upepo." Hakuna aliyemfundisha.

Mwezi ukirudi palepale zimepita siku 29 au 30. Mwenye mtoto wa kuhesabu mpaka mia bila kupumua ajaribu hesabu hiyo, ni hesabu yenye mboga ndani yake.

Halafu samaki wenyewe. Siku moja ilipotulia, jirani alileta vituwi, na bibi akamwita Kadogo akae karibu wakati wa kuwaparua. Huenda wewe wa mjini hujui: wengi wa samaki wa jamii hiyo humu ziwani mama yao hubeba mayai mdomoni, na vifaranga vikishaanguliwa bado vinakimbilia mdomoni hatari ikija. Bibi akafungua mdomo wa mmoja, yakatoka mayai ya njano. Mtoto alitoa macho. "Anakula watoto wake?" Bibi akamwambia hapana, anawaficha. Kimya kirefu. "Sasa na yeye anakula saa ngapi?" Ebo! Hilo swali watu wazima wangapi wamekula vituwi miaka 40 hawajaliuliza? Jibu ni kwamba kwa muda huo hali, au anakula kidogo mno, anakonda kwa ajili ya watoto. Bibi alipolisema hilo alinitazama mimi, sijui kwa nini.

Kiangazi hiki ndio msimu wa mganda vilevile. Mavuno yakishaingia, vijiji vinaalikana, wanaume wanajipanga mistari na kaptula nyeupe zimenyooka pasi, ngoma kubwa inaamuru, na vibuyu vya kupuliza vinajibu. Wazee wanasema mchezo huu ulitokana na gwaride la wanajeshi wa enzi za wakoloni, na ukiwatazama wanavyogeuka utaamini. Watoto nao wana mganda wao wa makopo nyuma ya nyumba. Tarumbeta wanatengeneza kwa kikonyo cha jani la mpapai, kile kilicho wazi ndani. Nilimkatia Kadogo viwili, kirefu na kifupi, nikaondoka zangu. Baada ya nusu saa alikuwa na vitano, amevipanga kwa urefu, kirefu kina sauti nzito na kifupi kinalia kama kifaranga. Wenzake walikuwa wamemzunguka, kila mmoja anataka chake kikatwe wapi. Nakwambia alikuwa anatoa amri kama mkuu wa mganda.

Mipira ndiyo imekuwa shida kidogo. Sisi tulikua tukisokota chandimu kwa mifuko ya rambo, na mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Kwa mazingira ni jambo jema, sibishi, lakini hakuna aliyewauliza mafundi mpira wa miaka saba. Siku hizi wanasokota matambara na nyuzi za viroba, hauduundi vizuri, na wameshagundua wenyewe kwamba ukiweka mpira mdogo wa ndala zilizokatika katikati, unadunda. Uvumbuzi huo haumo kwenye kitabu chochote cha chekechea.

Wa juu milimani msinune, na ninyi mnayo yenu. Shambani kwa Wamatengo kuna ngoro, yale mashimo yanayopangwa mteremkoni kama sega la nyuki. Nyasi zinakatwa, zinalazwa miraba miraba, udongo wa katikati unafukuliwa na kufunika nyasi, na mvua ikinyesha maji yanatuama shimoni badala ya kukimbia na udongo wote. Wamefanya hivyo zaidi ya karne moja, na wataalamu wanatoka mbali kuja kujifunza. Ukienda kupanda maharage mwezi wa tatu, mchukue mtoto. Mpe kijiti, achimbe ngoro zake ndogo tatu kwenye kichuguu, na pembeni aache mahali pasipo na kitu. Mwagieni maji kwa kopo. Atakachokiona hapo usimwambie mapema, utamwibia.

Msimu wa kahawa nao una rangi, kijani, njano na nyekundu, na kuchagua iliyoiva ni mchezo mzuri kwa mtoto wa miaka mitano. Kwa nusu saa. Naisema nusu saa makusudi kwa sababu wapo baba zangu watakaosoma safu hii wakasema "kumbe gazeti limeruhusu", wakampa mtoto kikapu tangu alfajiri. Hiyo ni kazi, na yenye kugandamiza. Mchezo mtoto anaweza kuuacha akichoka.

Na ikija mvua, Novemba na Desemba, kuna maembe, kuna kumbikumbi, kuna vyura wanaopiga kelele usiku mpaka mtu anakosa usingizi. Mbasa wanapanda mito kwenda kuzaa, kama Mto Ruhuhu kule Lituhi. Kuna siku unaona ziwani wingu jeusi linafuka kama moshi wa meli inayoungua, kumbe ni wadudu wadogo wasiohesabika waliotoka majini. Upande wa Malawi wanawakamata na kuwakandika kama kitumbua. Muulize mtoto moshi ule unatoka wapi. Akijibu meli, akijibu mganga, akijibu chochote, mwulize amejuaje.

Sijasahau usalama, maana najua kuna mama anasoma hapa huku moyo unadunda. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 700, na halicheki na mtu. Mamba wapo, hasa midomoni mwa mito. Mtoto wa umri huo haendi majini bila mtu mzima anayemtazama, na kumtazama maana yake ni macho. Kukaa mchangani ukisoma ujumbe wa simu hakumo. Halafu kuna kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi, ndiyo maana maji yaliyotulia yenye majani majani ni ya kuepuka. Watafiti waliofanya kazi upande wa Malawi wameonyesha kwamba samaki wanaokula konokono walipopungua kwa kuvuliwa mno karibu na ufuko, kichocho kikapata nafasi. Mtoto akikojoa damu mpeleke zahanati, dawa ipo, usimpe mizizi. Na siku za dawa za kichocho shuleni msiwafiche watoto nyumbani, tafadhali.

Wa Dar mtasema: ninyi mna ziwa, sisi tuna uchochoro na gari za mchanga. Sawa. Kivuli kipo uchochoroni. Mpe mtoto chaki, achore kivuli cha ndoo saa mbili asubuhi, arudi saa sita, arudi saa kumi. Maharage yapo jikoni. Weka matatu kwenye kopo lenye pamba mbichi dirishani, na matatu kwenye pamba kavu. Barafu ipo dukani kwa mangi. Ifungeni moja kwenye kitambaa na nyingine iacheni wazi kwenye sahani, mwulize ipi itawahi kuyeyuka. Wengi wanasema ya kwenye kitambaa, eti kitambaa kina joto. Jaribuni muone. Haya yote hayafikii bei ya kifurushi cha siku mbili mnachomnunulia atazame katuni ili mpate kupumua. Simu sina ugomvi nayo, hata Kadogo alitazama picha za sayari kwenye yangu. Lakini simu inajibu ambayo mtoto hajauliza, na akizoea hivyo kuuliza kunakufa.

Kuna jambo moja lililonigusa zaidi likizo hii. Jumapili moja tulipanda bodaboda mpaka Liuli kutazama mwamba ule mkubwa ulio karibu na maji, ambao Wajerumani walifananisha na sanamu ya Misri wakapaita bandari ya Sphinx. Nikamsimulia Kadogo. Agosti 1914 Mjerumani alikuwa na meli hapa, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mwingereza akaja na yake, Gwendolen, akaipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza, na hao manahodha wawili walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Inasemekana yule Mjerumani alitoka na kiboti anafoka, anamuuliza mwenzake kama amelewa.

Nilidhani atauliza habari ya mizinga, wavulana wanapenda mizinga. Akanyamaza mpaka tulipofika njiani kurudi, katikati yangu na dereva, upepo wote ule. Akasema: "Mama mdogo, yule rafiki alipomuuliza, alipigwa konzi?"

Nikamwambia hapana, alichukuliwa mateka. Sikuweza kusema zaidi.

Dada yangu anasoma gazeti hili, na shemeji naye husoma ukurasa wa michezo akipitia hapa kwa bahati mbaya. Kwa hiyo nasema mbele za watu niliyowaambia kwenye simu mkakata. Najua ada mmeshalipa ya mwaka mzima. Najua majirani wanasifu Kiingereza chake cha "gudi moningi ticha". Lakini nendeni mkakae kwenye dirisha la darasa lile nusu siku, bila taarifa, muone. Darasa la awali lipo katika shule ya msingi ya karibu nanyi, na tangu Sera ya Elimu ya 2014 darasa hilo ni sehemu ya elimu ya lazima, si hisani. Huenda lina watoto wengi na madawati machache. Mwalimu wake huenda naye ana fimbo. Nendeni mkatazame na hilo. Mnachokitafuta ni mwalimu ambaye mtoto akimuuliza, anageuka na kumtazama. Bibi anasema yeye yuko tayari kukaa naye mwaka mzima hapa Lundo, lakini mimi sikubaliani na bibi. Mtoto ni wenu, na usiku anawaulizia.

Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Dada ameniambia anakuja Jumamosi na basi, barabara ya lami kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay siku hizi haina udhuru. Nimemwomba aje Ijumaa. Mwezi utakuwa umekwisha kabisa, mwera umeanza kupungua, na wavuvi wanasema wakiingia usiku huo taa zitajaa ziwani mpaka mtu adhani ng'ambo kuna mji. Kadogo amebakiza nafasi ukutani kwa ajili ya usiku huo. Amemwambia bibi anataka kumwonyesha mama yake kitu, halafu amwulize swali. Hataki kutuambia ni swali gani.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, najibu barua ya yule binti wa Nkasi anayedaiwa na wifi yake kitenge.